Historia ya Maisha ya Mwalimu Yeremia Senyagwa, Aliyesimama Katikati ya Mto Mkondoa

Baba Kasisi, wazee wa kanisa, ndugu zetu mlioshuka kutoka vilima vya Ukaguru, jirani zetu wa hapa Mikumi, na ninyi wazee wa Kiislamu mlioanza kuchimba kaburi hata kabla sisi wenyewe hatujajua tuanzie wapi, shikamooni wote. Mimi ni Agnesi, mtoto wa tatu wa marehemu, nafundisha shule ya msingi, nimezoea kusimama mbele ya watu, lakini leo nasoma kila neno kwenye karatasi. Familia imenipa kazi hii kwa sababu baba mwenyewe aliagiza historia yake isomwe na mimi, na aliagiza jambo moja lisirukwe, nami naliogopa jambo hilo tangu alipoliagiza, basi mkiona nimenyamaza, mnisubiri.

Marehemu Mwalimu Yeremia Senyagwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1924, katika vilima vilivyo juu ya Berega, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Senyagwa na marehemu bibi Elizabeti, wakulima, waumini wa kanisa tangu ujana wao. Alibatizwa akiwa mchanga, kwa maji ya kisima yaliyowekwa kwenye bakuli, na alikuwa akituambia kwa utani kwamba hayo ndiyo maji pekee aliyoyapokea bila ubishi, kwa kuwa alikuwa hajaota meno.

Alisema hivyo kwa sababu baba aliogopa maji, na wengi wenu mliomfahamu miaka mingi labda hamkulijua hilo. Hakuwahi kuzama, hakuna ndugu yake aliyeliwa na mamba, bibi yetu alijaribu kukumbuka chanzo akashindwa, alizaliwa nayo tu hofu hiyo kama wengine wanavyozaliwa na kovu. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1935 hadi 1940, akamaliza darasa la sita, na wenzake walipokwenda mtoni siku za Jumamosi kuoga na kufua, yeye alisimama mbali, akachota kwa kibuyu, akaogea juu ya jiwe, nao wakamcheka. Akipanda treni, ikifika darajani alifumba macho mpaka mlio wa magurudumu ubadilike. Mama yetu Lea, ambaye kwao kulikuwa ng'ambo ya kijito, anasema wakati wa uchumba masika yalipoingia baba alimtuma mdogo wake alete salamu, na wazee wakadhani bwana harusi ameghairi.

Baada ya shule alifanya kibarua katika shamba la katani karibu na Kilosa, kuanzia mwaka 1941 hadi 1945, kisha akaitwa na kanisa kwa mafunzo, na mwezi Januari 1947 akawekwa kuwa mwalimu wa kanisa, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomlaza. Tarehe 3 Septemba 1949 alifunga ndoa takatifu na mama yetu Lea, na Mungu akawajalia watoto wanne, ambao ni Yudith aliyezaliwa mwaka 1951, Gabrieli mwaka 1954, mimi Agnesi mwaka 1958, na Elizabeti ambaye alikuja mwezi Juni 1972, wakati mama alikuwa amekwisha kuzigawa nguo zote za mtoto.

Sasa niseme juu ya mahubiri yake, kwa sababu hapo ndipo jina lake lilipotoka. Mtu huyu aliyeogopa hata kijito alipenda kuhubiri habari za mto Yordani kuliko habari nyingine yoyote. Aliujua mto ule ambao hakuwahi kuuona, jinsi Naamani mwenye ukoma alivyoudharau kisha akajichovya mara saba, jinsi Eliya alivyoupiga kwa vazi lake, jinsi Yohana alivyowaita watu watubu kandokando yake, lakini zaidi ya yote alipenda habari za Yoshua, pale wana wa Israeli walipofika ukingoni wakati wa mavuno, mto umefurika kingo zote, na makuhani waliobeba sanduku la agano wakaambiwa watangulie. Alituonyesha kwa kidole katika Biblia yake kwamba maji hayakusimama mpaka nyayo za makuhani zilipolowa, na kwamba makuhani wale walibaki katikati ya mto mpaka mtu wa mwisho alipopita. Jumapili ya tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru, alihubiri hayo Kilosa mjini, kanisa limejaa mpaka nje, akasema sisi nasi tumefika ukingoni, Kaanani iko mbele, na watu wakatoka wakiimba barabarani, na kuanzia siku hiyo wakamwita Mwalimu Yordani. Mama anasema jina lile lilimfurahisha na kumtisha.

Mwaka 1964 kanisa lilimpeleka kuhudumia waumini wachache waliokuwa wakiishi upande wa pili wa mto Mkondoa, mkabala na Munisagara, kitongoji tulichokiita Ng'ambo. Huko alijenga kanisa la miti na udongo, akalima mahindi, akakaa kwa wema na watu wote, Waanglikana, Wakatoliki na Waislamu, na rafiki yake mkubwa akawa Mzee Mwinshehe, mzaliwa wa Tindiga, mtu wa tambarare aliyekua ndani ya maji, ambaye yuko hapa leo. Kulikuwa na daraja la magogo la kuvukia, baba alilivuka akiwa ameshika bega la mtu.

Mwishoni mwa mwaka 1973 tulitangaziwa kwamba watu wote wa Ng'ambo watahamia kijiji kipya cha Ujamaa, upande wa reli, ambako kutakuwa na shule, zahanati na duka la ushirika. Baba hakupinga, alisema kuishi pamoja ni agizo la Mitume pia, ila aliomba tuhame kiangazi. Ikachelewa, mwaka ukageuka, mvua zikaanza, na siku ya Jumatano tarehe 3 Aprili 1974 wakaja vijana wa kusimamia uhamisho, wakaezua nyumba zote ili mtu asirudi nyuma, wakavuka kwenda kuandaa magari, na jioni ile ile mvua ikanyesha vilimani kama haijawahi kunyesha, mto ukaja na miti mizima, ukalichukua daraja la magogo.

Tulibaki katika nyumba zisizo na paa. Nyuma yetu kulikuwa na korongo, nalo likajaa, kwa hiyo hata kulifikia daraja la reli upande wa chini hakukuwezekana, Ng'ambo ikawa kisiwa, na kila tulipoangalia kisiwa kilikuwa kimepungua. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, nakumbuka kuku wamejipanga juu ya kuta, nakumbuka ukingo wa shamba letu ukimeguka na mahindi yake yamesimama, yakaondoka yamesimama vile vile. Hakuna aliyesema kwa sauti kwamba tutakufa. Watoto walikohoa, wakubwa walitazama maji.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 6 Aprili, kesho yake ikiwa Jumapili ya Mitende, mvua ilikatika, na upande wa pili akatokea msimamizi wa uhamisho, Bwana Lupakisyo, kijana wa Rungwe, amekuja na kamba nene ya katani aliyoiazima. Aliita kwa kuweka viganja mdomoni, "Wazee! Huku juu kunanyesha tena! Mkingoja mchana hamvuki!" Mzee Mwinshehe aliogelea kuifuata kamba, akairudisha imefungwa kiunoni, ncha ya kule ikiwa imefungwa kwenye mkuyu, na ncha ya kwetu tukaifunga kwenye kisiki cha mvule, kwa kuwa miti mingine ya ukingoni ilikuwa imekwisha kwenda.

Mzee Mwinshehe akaeleza kwamba katikati kuna tuta la mchanga chini ya maji ambapo mtu mzima anaweza kusimama, maji yakamfika kifuani, na kwamba anahitajika mtu wa kusimama pale, upande wa chini wa kamba, ili anayeteleza amwangukie yeye, na mwingine asimame mbele karibu na mkuyu, penye mkondo mkali. "Pa mkondo nitasimama mimi," alisema. "Pa katikati ninataka mtu mrefu, asiyeachia."

Wanaume wenye nguvu walikuwa wengi wao vibaruani, kwenye katani. Watu wakamtazama baba, kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko wote. Mzee Kornelio, mzee wa kanisa, ambaye sasa ni marehemu, akasema, wala hakusema kwa dhihaka, "Mwalimu, si ulitufundisha makuhani wakitia miguu maji yanasimama? Tangulia basi, tukuone."

Nilikuwa nimesimama karibu na baba. Akamgeukia mama akasema kwa Kikaguru, kwa sauti ndogo, "Mama Yudith, naogopa."

Mama akamjibu, "Najua. Hata mimi. Watoto wanatuangalia."

Baba akavua viatu, akaviweka pamoja, akaingia. Ndugu zangu, nitasema kama nilivyoona, kwa sababu wako watu mpaka leo wanaosimulia kwamba siku ile Mkondoa uligawanyika. Haukugawanyika. Nyayo zake zililowa, magoti yakalowa, kiuno kikalowa, na maji hayakusimama hata kidogo, yalimpiga ubavuni na povu likamfika shingoni, naye alikuwa akitoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu mzima, si kilio wala si wimbo. Mzee Mwinshehe aliyekuwa mbele yake alisoma dua zake kwa sauti. Hivyo wakafika, kila mtu mahali pake, na baba akageuka, akanyoosha mkono kwetu akasema, "Njoni."

Wakavuka wazee kwanza, kisha wanawake pamoja na wajawazito, kisha watoto, mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu ameshika kamba kwa mikono yote miwili, na kila anayefika katikati baba alimpitisha mbele ya kifua chake, akamwambia neno, kwa Mkristo na kwa Mwislamu neno moja, "Tazama mkuyu, usitazame maji." Ilikwenda vizuri, mpaka kundi la mwisho, ambalo ndilo letu. Mbele alikwenda Mzee Kornelio na mkewe, waliokuwa wamebaki kuhimiza watu, wakafuata mama na Elizabeti mgongoni, nikafuata mimi, na nyuma yangu Costancia, jirani yetu, mama kijana Mkatoliki, mumewe akiwa kibaruani, tumboni ana mimba changa, mgongoni amembeba kwa kanga binti yake Hildegarda, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia.

Mimi nilikuwa nimekwisha kumpita baba. Costancia alikuwa mbele yake kabisa, kifuani pake, wakati kisiki cha mvule kilipong'oka nyuma yetu. Sikuona, nilisikia kamba imelegea kama kitu kilichokufa, nikazama, nikanywa maji, halafu kamba ikakaza tena ghafla, nikaibuka. Iliyoikaza ilikuwa mikono ya baba. Alikuwa ameizungusha kwenye mkono wake na kuchuchumaa mchangani, maji yakipita juu ya mabega yake, na yeye sasa ndiye aliyekuwa kisiki, watu wote wa mbele yake, mimi, mama yangu, Elizabeti, Mzee Kornelio na mkewe, na Costancia mwenyewe, tunaning'inia kwa mikono ile.

Na hili ndilo jambo aliloagiza lisirukwe, katika mshtuko ule kanga ya Costancia ilifunguka. Yeye alikuwa ameibuka anatapika maji, uso umeelekea mkuyu kama alivyoambiwa, hakuona. Mtoto alitoka mgongoni, akapita ubavuni mwa baba, karibu kiasi cha kushikika, kama mtu anavyompitia mwenzake mlangoni. Kama angeachia mkono mmoja angemshika. Kama angeachia mkono mmoja kamba ingekwenda, nasi sote juu yake. Hakuachia.

Mzee Mwinshehe alirudi kwa kuifuata kamba, akashika pamoja naye, wakatutoa mmoja mmoja. Costancia alipofika nchi kavu ndipo alipopapasa mgongo wake. Sitaeleza sauti yake. Baba alipotolewa vidole vyake havikufunguka, Bwana Lupakisyo alivifungua kimoja kimoja huku analia, kijana wa watu, kamba imemkata baba mpaka kwenye nyama, na kovu lile wengi mmeliona. Hildegarda alipatikana maji yalipopungua, chini ya reli, na mafundi wa gangi wanaotengeneza njia ya treni, akazikwa tarehe 10 Aprili katika kijiji kipya, kaburi la kwanza la kijiji. Baba alisimama nyuma ya watu wote, hakuweza kusogea.

Yaliyofuata niyaseme kwa kifupi, si kwa sababu yalikuwa madogo. Watu walimshukuru baba mbele yake, na wengine, kisimani na dukani, wakasema kwamba Mwalimu Yordani alishika kamba kwa sababu wanawe walikuwa juu yake. Maneno yalifika kwetu. Hakujibu, na Jumapili hakuhubiri tena habari za Yordani. Costancia alijifungua salama mwezi Oktoba, mtoto wa kiume, akaitwa Donati, na watu wote wakaanza kumwita Mama Donati, jina la kwanza likasahaulika. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na njia tu, kama nyumba za kijiji zilivyopangwa kwa mstari, na kwa miaka ile walisalimiana kila asubuhi, "Shikamoo Mwalimu," "Marahaba mama," hawakuongeza neno. Baba akimwona anakuja alibadilika rangi. Mama alimwuliza mara moja anaogopa nini, maana mwanamke yule hajamtukana wala kumnung'unikia, akajibu, "Naogopa ataniuliza." Mama hakuelewa ataulizwa nini, wala sisi.

Mwezi Februari 1977 kanisa lilimhamishia hapa Mikumi, tukaja kwa treni kutoka Kilosa, na siwafichi, alipoona hakuna mto mkubwa mlangoni, alitua mzigo akasema hapa nitalala. Hapa alianzisha ibada chini ya turubai, kanisa hili tunamosalia leo lilipandishwa matofali yake na mikono yenu na yake. Alifundisha kipaimara, alifundisha watu wazima kusoma, aliamua magomvi ya mipaka. Lakini masika yakianza, mvua ikianza kupiga bati, alitoka kitandani akakaa kwenye kiti katikati ya chumba, akashika mikono ya kiti, akawa hivyo mpaka ikatike, nasi tukajifunza kukaa naye kimya. Woga wake ukawa wetu. Mpaka leo mdogo wangu Elizabeti, ambaye hakumbuki chochote cha siku ile, hawezi kukubali kufungiwa mtoto wa mtu mgongoni kwa kanga.

Mara moja tu alihubiri tena juu ya Yordani, siku ya ubatizo wa watu wazima, mwezi Januari 1981, na waliokuwepo watakumbuka. Alisema kwamba kwa miaka mingi alimwuliza Mungu kwa nini alimgawanyia Yoshua maji, akamgawanyia Eliya, akamgawanyia Elisha, lakini mbele ya mwalimu wa Ukaguru akayaacha yapite. Akasema kwamba alipokuwa akisoma Injili aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona, kwamba Bwana Yesu mwenyewe alipoingia Yordani mto ule haukugawanyika, ulimlowesha kama ulivyomlowesha kila mwenye dhambi aliyekuwa kwenye foleni, akazamishwa, na mbingu zikafunguka juu ya kichwa kilichokuwa kinachuruzika maji. Akafunga Biblia yake, akasema, "Sijapata jibu. Nimepata mwenzangu tu mle majini." Kisha akabatiza, kwa bakuli.

Mwezi Juni 1983 alianza kulalamika tumbo, akatibiwa hospitali ya Kilosa, kisha Berega, kisha Morogoro, ambako madaktari walituambia kwa upole kwamba ni uvimbe kwenye ini na kwamba tumrudishe nyumbani. Siku zile ziliogopesha nyumba nzima. Mtu aliyewasindikiza wengi kufa alikuwa anaogopa kufa, na alikiri waziwazi, hakujifanya shujaa kwa ajili yetu. Kwaya ilipokuja kumwimbia na kuanza wimbo wa kuvuka mto kwenda ng'ambo ya raha, aliinua mkono akawaomba wauache, waimbe mwingine wowote, na ndiyo maana leo, ndugu wanakwaya, tumewaomba vilevile.

Tarehe 21 Januari mwaka huu, mchana, nilikuwa namlisha uji, akaingia Costancia. Alikuwa amesafiri kwa treni peke yake, amebeba mchele wa Tindiga ndani ya kitambaa. Akasema, "Shikamoo Mwalimu." Baba alimwona, akajaribu kuinuka, hakuweza, akaitikia. Nikataka kutoka, Costancia akasema nikae. Akakaa mkekani, akatazama mikono yake, akasema, "Mwalimu, nimekuja kukuuliza."

Baba akafumba macho, kama treni imefika darajani. Akasema, "Uliza, Mama Hildegarda."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwita jina hilo kwa karibu miaka kumi. Aliweka kitambaa chake chini. Akasema, "Wewe ndiye ulikuwa karibu. Mwanangu alisema chochote?"

Hapo ndipo nilipoelewa baba alikuwa akiogopa nini miaka yote ile. Nilimwomba moyoni aseme hapana, aseme mtoto alikwenda kimya, maji yalimziba mara moja, hakujua kitu, ni neno jepesi, mama mtu angerudi nalo nyumbani. Najua hata yeye alilifikiria, kwa sababu midomo yake ilianza mara mbili ikaacha. Mwishowe akasema, "Aliita. Alisema 'Mama', mara moja, kwa nguvu. Alikuwa ananitazama mimi. Nikashika kamba."

Nikadhani Costancia ataanguka. Alikaa. Machozi yakamshuka hakuyafuta. Akasema, "Nilisikia. Siku zote nasikia. Kila niliyemwambia alisema mto ulikuwa na kelele, haiwezekani, ni mawazo yangu, nisali nisahau. Nikaanza kujiogopa, nikadhani nina kichaa. Kumbe aliita."

"Aliita," baba akasema.

"Na mimi nilisikia."

"Ulisikia."

Akalia sana, nasi tukalia. Halafu akasema jambo ambalo ameniruhusu kulisoma, nilimwomba jana, na yuko pale kwenye mkeka wa mbele pamoja na mama yangu. Alisema, "Mwalimu, sikuja kusema yameisha. Hayajaisha. Lakini ungeachia, Donati asingekuwepo, nami nisingekuwepo wa kumkumbuka yule." Akaninyang'anya bakuli mkononi, akaonja uji, akasema umepoa, akaenda jikoni kuupasha moto.

Hakurudi Munisagara. Alikaa nasi, akamwosha baba, akamgeuza, akamlisha, wakazungumza habari za Hildegarda kila siku, alivyopenda kukimbiza mbuzi, alivyokataa viazi, vitu vidogo vya mtoto ambavyo hakuna mwingine aliyekuwa amebaki wa kuvikumbuka naye. Mvua ikinyesha walikaa wote wawili kimya. Siku ya Alhamisi tarehe 9 Februari 1984, alasiri, baba alisema tena kwamba anaogopa, mama akamshika mkono mmoja, Costancia akamshika mwingine, ule wenye kovu, naye akawatazama, akapumua, hakupumua tena. Singependa kuwaambia kwamba hofu ilimtoka. Sijui. Najua kwamba hakuwa peke yake.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote alikopita, waliomhudumia bila kuchoka na kutuambia kweli bila kutuumiza. Tunamshukuru Baba Kasisi na walimu wa kanisa waliofanya kazi na baba, uongozi wa kijiji, wafanyakazi wa reli walioleta jamaa zetu kutoka Kilosa, walimu wenzangu walioshika madarasa yangu, na majirani wa Mikumi ambao kuni, maji na chakula vyao ndivyo tunavyotumia mpaka saa hii. Tunamshukuru Bwana Lupakisyo, aliyesafiri kutoka Mbeya baada ya kupata simu ya maandishi. Tunamshukuru Mzee Mwinshehe, ambaye alishuka kaburini mwenyewe jana kupima urefu, akasema huyu alikuwa mtu mrefu, msimbane. Na wewe Mama Hildegarda, hatuna neno la kukupa, tunakuomba tu usiondoke leo, kaa na mama mpaka mvua za mwaka huu zipite.

Baba, tunaogopa kurudi nyumbani na kiti chako kiko wazi. Wewe nenda, Mungu akupokee, upumzike kwa amani.